Kabla Maji Hayajapoa

Nyumba ya Wazee
6 Februari

Kwa Bi Mkubwa, mke mwenzangu, mwenye nyumba na mwenye mume,

Shikamoo Bibi. Nyingine mpelekee Babu, mume wetu, na umfikishie ikiwa nzima, usiipunguze njiani kama unavyompunguzia sukari. Mimi nimefika salama. Mwili mzima, sanduku zima, ila ile chupa ya mafuta uliyoniviringishia ndani ya gauni langu la ibada ilifunguka njiani, kwa hiyo gauni sasa limepakwa mafuta kama mfalme wa Israeli. Mama hajambo? Bado anagombana na mwenye nyumba wake? Na paka, amezaa au bado anatuzuga na lile tumbo?

Sasa niseme lililonileta, maana nimelibana tangu salamu. Unamkumbuka yule mhubiri mgeni aliyeniwekea mkono kichwani kwenye mkutano wa vijana, akasema ananiona nimesimama mbele ya maelfu? Nilikuja huku kujitolea mwaka mzima ili Mungu anionyeshe hao maelfu. Bibi, nimewaona. Ni vidole vya miguu.

Matroni wa hapa ni mama mfupi asiyecheka. Aliniuliza nina ujuzi gani. Nikamwambia naimba, nahubiri, na nina mzigo moyoni kwa ajili ya roho za watu. Akavuta droo, akanipa kikata kucha, beseni na taulo. "Mzigo uweke hapo kwenye kiti," akasema. "Anza na wodi ya wanaume."

Wewe hujui kucha za wazee. Ni za manjano, nene, nyingine zimejikunja zikarudi zilikotoka. Ukizikata zinaruka. Jana moja ilitua kwenye chai ya Matroni, nikamtazama tu akinywa. Najua utaniambia Yesu aliwaosha wanafunzi miguu. Sawa, aliwaosha. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliwakata kucha.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye treni mpaka akastaafu. Wote humwita Kondakta, na mpaka leo ananing'iniza filimbi shingoni. Nilimtumbukiza miguu kwenye maji ya moto, nikaona hii ndiyo nafasi yangu, nikafumba macho nikaanza kuomba. Nilimwombea yeye, nikaiombea nyumba, nikaliombea taifa, na nilikuwa ndiyo kwanza nimevuka mpaka kuingia nchi jirani filimbi ilipolia. Nilishtuka nikaruka, nikidhani treni inakuja kweli. "Binti," akaniambia, "maji yamepoa."

Wodi nzima ilicheka, hata wale wasiosikia. Nimeaibika Bibi, na nimekasirika. Sikuacha kila kitu nyumbani nije kuwa kinyozi wa miguu. Nitavumilia mpaka mwisho wa Aprili. Kama Mungu hatakuwa amenipa kazi yenye maana, narudi.

Mwambie mume wangu asisahau kuniandikia mstari wake chini ya barua yako, kama alivyofanya miaka yote nilipokuwa shule ya bweni. Bila mstari ule barua yako ni matangazo ya kanisa tu.

Ni mimi, Bi Mdogo, mrembo wa nyumba hiyo.


Nyumbani
25 Februari

Kwa Bi Mdogo, mnyang'anyi wa waume za watu,

Marahaba. Bwana asifiwe, na wewe ulaumiwe kidogo. Mama yako mzima, anaendelea kugombana na mwenye nyumba, sasa kwa maandishi. Paka kazaa, na kwa kuwa mnyama huyo ana dharau amezalia kwenye droo ya vitambaa vya meza ya Bwana. Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya maji, usijisumbue kupiga. Nitapata nyingine Mungu akipenda, na naona hana haraka.

Kubwa la hapa ni kwamba nimevuliwa birika. Ndiyo, mimi, niliyesimamia chai ya kanisa lile tangu mama yako anatambaa. Mke wa Mchungaji, ambaye ndiye mwenyekiti wetu akina mama, alisimama mbele ya kikundi akasema chai yangu ni nyepesi. Nikamjibu kwamba mahubiri ya mumewe ni mepesi zaidi na watu wanayameza kila Jumapili. Katibu aliangusha kikombe. Jioni yake wakaja wawili kuchukua birika, wakachukua na chujio langu mwenyewe nililonunua kwa jasho langu. Tangu hapo nikipita kwake nageuza shingo, na yeye ananisalimu kwa sauti ya upole, jambo linalonichefua kabisa.

Turudi kwako. Ulijifunza ushonaji ukaacha kwenye mkono wa pili wa blauzi. Blauzi hiyo ninayo, naivaa nikiwa nimejitanda khanga upande mmoja. Ulifuga kuku ukawaacha walipoanza kutaga. Uliingia kwaya ukatoka kabla sare hazijafika. Kila mahali ulisema Mungu hajakuonyesha. Mimi nadhani Mungu alikuwa anakaribia kukuonyesha, akifika anakuta umeshahama. Huyo mhubiri wenu naye aliona maelfu bila kuambiwa ni ya nini, si kosa lake.

Sasa nisikilize vizuri mke mwenzangu. Usinirudie hapa Aprili. Mwaka ni mwaka. Hata ukisikia nini, hata nikikuambia mimi mwenyewe nimekukumbuka, kaa hapo ukate kucha.

Babu yako anakusalimu sana. Mstari hakuandika, kalamu imeisha wino.

Ni mimi, mwenye cheti cha ndoa.


Nyumba ya Wazee
17 Machi

Kwa Bi Mkubwa, aliyepinduliwa madarakani,

Shikamoo. Pole kwa birika. Nilicheka mpaka Matroni akaja kuangalia kama nina homa. Lakini Bibi, hiyo kalamu iliyoisha wino, si ndiyo uliyoandikia barua yote? Au ilikata roho ilipofika zamu ya Babu? Mwambie simtaki mwenye visingizio, nitaolewa na mwingine. Nilimpigia Mama nimuulize habari za nyumbani, akasema yuko kazini, atanipigia. Bado nasubiri.

Hapa wamenipa cheo. Naitwa Mchungaji wa Kucha. Nikiingia wodini Kondakta anapuliza filimbi na kutangaza, "Abiria wote toeni miguu!" na wanaitoa, Bibi, kila mmoja nje ya blanketi lake.

Nilimwendea Matroni nikamwambia nina neno. Akaniachia kanisa dogo la hapa siku ya Alhamisi. Niliandaa somo juu ya kusudi la Mungu katika maisha ya mwanadamu, nikafunga na kuomba, nikavaa lile gauni la mafuta. Wote walilala. Kondakta alilala na filimbi mdomoni, kila akikoroma inalia, mpaka nikawa nahubiri kwa kufuata mapigo yake. Nilipomaliza, mama mmoja asiyeona aliyekaa mbele aliniuliza kama nina rangi ya kucha. Nikamuuliza rangi gani. Akasema nyekundu. Nikamwambia, "Lakini Mama, hutaiona." Akaniambia, "Wewe si una macho? Utaniambia imekaaje."

Basi nikaenda dukani nikanunua, nikampaka vidole vyote kumi. Siku nzima alikuwa anashika watu mikono na kuuliza, "Imekaaje?" Ilikuwa imekaa vizuri, sikatai. Lakini hii ni huduma au saluni? Nilipokuwa shambani kwa kuku wangu angalau nilikuwa bosi.

Msimamo wangu haujabadilika. Mwisho wa Aprili nafunga sanduku. Na safari hii nataka mstari wa Babu, hata kama ni wa kunitukana.

Bi Mdogo, Mchungaji wa Kucha.


Nyumbani
20 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nina kazi. Hilo doa juu ni uji, usiulize. Mama yako hajambo, alikuwa hapa kidogo kisha akarudi kazini. Paka wadogo wamegawiwa, mmoja tu kabaki, yule mwenye sura ya mzee wa kanisa.

Nafua sana siku hizi. Mashuka hayakauki. Na kana kwamba sina shida za kutosha, mke wa Mchungaji anakuja hapa kila asubuhi. Sijamwita. Anavua viatu mlangoni, anaingia na sabuni yake mkononi kama mtu anayeingia kwake, anakunja mikono ya gauni, anafanya kazi, anaondoka. Kuhusu chai hasemi. Kuhusu mumewe hasemi. Mtu ukimtukana akakurudishia, unajua mlipofikia. Huyu ananionea huruma waziwazi, asubuhi yote, na mimi sina nguvu za kumfukuza.

Nilikuwa na swali, wewe si ndiye bingwa. Kuna jirani hapa, mwanamume mtu mzima. Mkono wake wa kulia umefumba ngumi na haufunguki, kucha zinamchoma kiganja. Ukimgusa miguu anageuza uso ukutani. Mtu kama huyo kucha unamkataje? Nauliza kwa niaba ya mke wake, mama mmoja mzuri sana, mwenye subira, na bado anavutia.

Usiondoke huko. Nimekuomba.

Babu yako anakusalimu. Amelala.


Nyumba ya Wazee
2 Mei

Bibi,

Shikamoo. Salamu za huku zote nimeziacha, utanisamehe.

Upande mmoja wa nyumba yetu kuna duka la mkaa, upande wa pili kuna mjane. Nyuma kuna ukuta. Huyo jirani mwenye mke anayevutia ni nani? Na Babu amelala saa ngapi? Toka nimjue hajawahi kulala mchana. Anasema usingizi wa mchana ni wa watu wenye mshahara.

Hapa nina watu wa namna hiyo wodini, ngumi imefumba na mguu unaburuzwa. Nimewashika mikono. Najua ni nini, Bibi. Ni kiharusi. Na najua kwa nini simu ilitumbukia kwenye ndoo. Uliogopa nitasema, "Nipe Babu niongee naye."

Sanduku nimelifunga tangu nilipopata barua yako. Liko mlangoni. Nilitaka nipande basi la asubuhi bila kukuuliza, na ningepanda, ila Kondakta alikuja na miguu yake.

Nikueleze. Huyu mzee nilimkata kucha wiki iliyopita. Wiki ya kabla yake pia. Kila siku yangu ya wanaume yeye ni wa kwanza kwenye benchi, ameshavua soksi. Jana nikamgeuza mguu huku na huku, hakuna cha kukata hata chembe. Nikamwambia, "Mzee, hapa hakuna kitu." Akasema, "Najua. Wewe angalia tu vizuri." Hana anayekuja kumtembelea Bibi, tangu nimefika sijaona. Nikamwekea maji ya moto, nikakaa chini nikamshika miguu. Sikukata chochote. Alinisimulia vituo vya reli yake vyote kwa mpangilio, mpaka mwisho wa njia. Kisha akaniuliza lile sanduku mlangoni ni la nani, nikamwongezea maji ya moto.

Sasa niambie ukweli. Usinifiche kitu, mimi si mtoto. Nije au nisije?


Nyumbani
14 Mei

Mjukuu wangu,

Ni yeye.

Ilikuwa wiki ile ile uliyoondoka. Alikuwa amesimama kwenye kioo anajinyoa ndevu, akaniita, na jina langu likatoka limepinda. Nilimwambia aache mzaha. Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yangu kwake, na yeye hajasema neno tena mpaka leo. Mtu aliyekuwa akisoma matangazo kanisani yakawa marefu kuliko ibada. Sasa anatazama ukuta. Mashuka ni yake. Uji ni wake. Mama yako alikuja, akalia siku mbili mfululizo mpaka nikawa na wagonjwa wawili, nikamrudisha kazini na kumfunga mdomo.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungekuja mbio, na safari hii ungekuwa na sababu nzuri. Kwa kuku hukuwa na sababu, kwa kwaya hukuwa na sababu, lakini kwa babu mgonjwa nani angekulaumu? Nikaona bora unichukie kuliko nikupe mlango wa kutokea. Na barua zako nilikuwa namsomea. Ile ya filimbi nilimsomea mara mbili, na bega lake la upande mzima likatikisika. Wewe nilikuficha ugonjwa wake, lakini yeye sikumficha habari zako.

Nimeomba mpaka nadhani Mungu akiona naanza anajifanya hayupo. Nimeomba uponyaji, nimeomba muujiza, nimemkumbusha jinsi mtu huyu alivyomtumikia. Kimya. Anachonitumia kila asubuhi ni yule mwanamke na sabuni. Niliomba malaika, ameniletea mwenyekiti. Anamgeuza babu yako kwa upole, anajua kushika bega na kiuno bila kumuumiza, maana alimuuguza mama yake. Mimi nasimama pembeni na taulo kama mgeni nyumbani kwangu. Kutenda wema nimetenda sana maishani, mke mwenzangu, chai tu niliyopikia watu ingejaza kisima. Kutendewa na mtu niliyemtukana mbele ya kikundi, hilo sikuwahi kulifanya, na linanishinda.

Nilijaribu kumkata kucha mwenyewe. Nilimkata nyama. Damu ikatoka, na hakulia, alinitazama tu, kisha chozi likashuka upande mmoja. Tangu siku hiyo naogopa. Nakuandikia bila aibu, naogopa miguu ya mume wangu. Tumeoana miaka yote hii, nimemzalia, nimemzikia wazazi wake, na miguu yake sikuwahi kuishika. Alikuwa anaijali mwenyewe, mlango umefungwa.

Usije sasa. Njoo likizo yako Agosti, utamkuta, daktari anasema moyo wake una nguvu kuliko wangu. Huyo mzee wa filimbi usimwache benchini amevua soksi. Nifundishe mimi. Niandikie unavyofanya, kila kitu, hata kile unachoona ni cha kijinga.

Bibi yako.


Nyumba ya Wazee
24 Mei

Bi Mkubwa, mke mwenzangu mpenzi,

Shikamoo. Nimelia, nimekukasirikia, nimelia tena. Niliikasirikia zaidi ile habari ya kuku, kwa sababu ni kweli. Halafu Matroni akaja akakaa kitandani kwangu, akatoa kitambaa mfukoni, kikadondoka pamoja nacho kipande cha kucha. Tulicheka wote wawili. Kumbe anaweza.

Sanduku nimelifungua. Nguo ziko kabatini.

Mkono wa ngumi nimeufanyia mazoezi kwa Kondakta. Nilimwambia afumbe, mimi nifumbue, na amekukusanyia maoni yake. Anasema nikuandikie usivute vidole. Ukivuta, ngumi inazidi kukaza, hata ya mtu mwenye afya. Kwanza funga taulo la maji ya moto kwenye mkono, uingie joto mpaka ndani. Kisha shika kifundo cha mkono ukiinamishe chini taratibu, na vidole vitalegea vyenyewe kidogo. Kidogo hicho kinatosha. Anza na gumba. Kila kucha ikate kipande kwa kipande, moja kwa moja, usiingie pembeni kwenye nyama, hapo ndipo ulipomkata. Ukimaliza muwekee kitambaa laini kiganjani, kucha zisimchome tena.

Miguu iwe ya mwisho. Maji yapime kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto. Loweka mpaka kucha zilainike. Kaa chini kuliko yeye, taulo mapajani, shika kisigino kwanza kabla ya vidole, mkono wote, usiguseguse kama unayeogopa kuungua. Akigeuza uso ukutani mwache ageuze. Ongea naye habari za upuuzi. Mwambie paka amefanya nini, mwambie nani kaolewa. Usimwonee huruma kwa sauti.

Na Bibi, usifumbe macho kuomba. Najua unavyoomba, nimerithi kwako. Ukiwa na la kumwambia Mungu mwambie macho yakiwa wazi na mkono ukiwa kazini, kabla maji hayajapoa. Huku nimeshapuliziwa filimbi vya kutosha.

Mruhusu mke wa Mchungaji akushikie ule mkono. Huwezi kuinamisha na kukata peke yako, unahitaji mikono zaidi ya uliyonayo. Yeye kashaweka sabuni yake ndani kwako, mpe na kiti.

Wale maelfu sijawaona, na siku hizi nikiamka siwawazi. Nawaza nani ana kucha iliyoingia nyamani na nani leo atataka rangi. Sijui kama huu ndio wito. Mhubiri akija tena nitamuuliza, lakini aje na soksi safi. Ninachojua ni kwamba nikikaa kwenye kile kigoda na mguu wa mtu mapajani, sitafuti kitu kingine. Haijawahi kunitokea popote.

Nakupenda. Mbusu mume wetu kwenye ule upande unaosikia, na kwenye ule mwingine pia.

Bi Mdogo.


Nyumbani
15 Juni

Bi Mdogo, mwalimu wangu,

Marahaba mara nyingi. Mama yako mzima, ameshinda kesi na mwenye nyumba, sasa hana wa kugombana naye na amekonda. Paka mwenye sura ya mzee wa kanisa analala miguuni kwa babu yako na hafukuziki.

Barua yako niliibandika ukutani juu ya kitanda, pale pale anapotazama. Nikasema kama ni ukuta, basi asome. Niliisoma kila siku na kila siku nikaahirisha. Jumamosi mke wa Mchungaji alipovua viatu mlangoni, nikamwambia, "Mama Mchungaji, leo kaa." Akasimama kama aliyesikia punda anasema. Nikamwelekeza ukutani. Alisoma yote, mpaka ile sehemu yake ya kupewa kiti, akavuta kiti mwenyewe.

Tulianza kwa kugombana, ili tupate nguvu. Nilipima maji kwa kiwiko nikasema sawa. Akapima kwa kiwiko chake akasema ya moto mno. Nikamwambia kiwiko chake ni cha mjini. Akaongeza ya baridi nikiwa nimegeuka, nikaongeza ya moto akiwa amegeuka, na babu yako akawa anatutazama mmoja mmoja. Alikuwa ameacha ukuta, mke mwenzangu. Nikaendelea na ugomvi.

Mkono ulifunguka kama ulivyosema, kidogo, na kidogo kilitosha. Mama Mchungaji akainamisha, mimi nikakata. Kiganja kilikuwa na alama za kucha nne. Nilimwambia babu yako habari za mwenye duka la mkaa na yule mjane, ambazo ni kweli, wanaoana, na wewe uliniuliza jirani ni nani. Gumba mpaka kidole cha mwisho, hakuna damu.

Kisha miguu. Nilikaa kwenye kigoda, magoti yakalalamika, nikaingiza mikono ndani ya maji nikamshika kisigino, mkono wote. Ni miguu mizuri. Kidole chake cha pili ni kirefu kuliko cha kwanza, kama chako. Sikuwahi kujua umekitoa wapi. Hapo nikashindwa. Najua ulinikataza, macho yakafumba yenyewe, nikaanza. Nilimshukuru Mungu kwa miguu ile na kila mahali iliponipeleka, nikamlaumu kwa kukaa kimya tangu Februari, nikamwomba msamaha kwa kumlaumu, nikamwombea Mama Mchungaji na hata mahubiri ya mumewe. Yeye alisema "Amina" kwa nguvu, kunipa ishara nimalize. Sikumaliza. Akasema tena. Nilikuwa nimefika kwako na mzee wako wa filimbi nilipohisi mguu unasogea mikononi mwangu, na sauti ikatoka juu ya kichwa changu, imepinda, nzito, lakini ni yake.

Mama Mchungaji alilia mpaka nikampa taulo la miguu. Baadaye nikapika chai, tukanywa wote watatu, yeye kwa kikombe na babu yako kwa kijiko. Nilimpikia nyepesi vile vile, siwezi kubadilika uzeeni. Akamaliza, akaomba nyingine. Jumapili chujio langu lilirudi, limefungwa kwenye gazeti.

Alichosema babu yako sitakuandikia mimi. Ni maneno mawili tu, na tangu siku ile ameyarudia kwa kila anayeingia, akiwemo Mchungaji katikati ya baraka. Nimempa kalamu ashike kwa mkono wa kushoto. Imemchukua mchana mzima, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, na mimi nimekatazwa kumsaidia. Huo hapo chini ni mstari wako.

Mke wangu mdogo
maji yamepoa